Chokaa ya Tambuu

Kwenye matanga ya Bi Zuhura, siku ya pili, kijana mmoja wa ukoo wao aliketi karibu nami akanisimulia habari ambayo mimi ndiye niliyekuwamo. Alisema zamani bibi yake alikuwa akifuga jini ndani ya kioo, chumba cha mbele, na kila alfajiri lilikuwa likinyweshwa maziwa tone kwa tone. Akasema kulikuwa na binti wa Kisukuma aliyekuwa mtumishi wa jini hilo. Nilimsikiliza mpaka mwisho, kwa sababu alikuwa ameniletea chai na alikuwa na adabu. Kisha nikamwambia, "Baba, huyo binti ni mimi, na yale hayakuwa maziwa." Alicheka akidhani namtania. Basi nimerudi nyumbani na hasira zangu, nimeketi kuandika. Nimefika umri ambao mtu haombi tena ruhusa ya kusema alichokiona kwa macho yake. Hapakuwa na jini. Palikuwa na matumbawe, vitu hai vya baharini, na vilikaa Shinyanga, mbali na bahari mwendo wa treni wa siku mbili, kwa sababu wanawake wawili walikataa vife.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Nilikuwa na miaka ishirini na nimepanga chumba cha uani kwa Bi Zuhura, karibu na stesheni. Yeye alikuwa mtu wa Pangani, mjane wa mfanyabiashara wa ngozi, mwanamke mnene, mweupe wa meno kwa upande mmoja na mwekundu kwa upande wa pili, kwa maana tambuu alitafuna shavu moja tu. Mimi nilikuwa nafanya kazi katika maabara ndogo ya kupima mawe ya dhahabu. Mawe yalitoka Rwamgasa na huko Geita kote, yamefungwa kwenye vifuko vya kaniki, na kazi yangu ilikuwa kuosha vyombo baada ya wapimaji kumaliza. Mkubwa wetu, Bwana Nkwabi, hakuwa mtu mbaya ila alikuwa na mipaka yake kichwani. Nilipomwomba siku moja anionyeshe namna ya kupima, alinitazama juu ya miwani akasema, "Bebe Kabula," yaani wewe Kabula kwa Kisukuma, "kazi yako ni brashi. Brashi ina kosa gani?" Nikamjibu brashi haina kosa. Lakini macho hayana mlango wa kufungiwa, na kila siku nikiwa kwenye beseni langu nilimwona akipima maji ya kusafishia dhahabu. Maji yale yana sumu, na sumu hiyo isipokuwa na chokaa ya kutosha hugeuka hewa na kuua watu. Kwa hiyo alichota maji, akatia rangi kidogo, akadondosha tindikali tone moja moja akihesabu kwa midomo, mpaka rangi ikabadilika ghafla. Matone mengi, chokaa ipo. Matone machache, ongeza. Nililielewa jambo hilo lote kwa mgongo, nikijifanya nimewageuzia kisogo.

Chumba cha mbele cha Bi Zuhura kilikuwa na mwanga kuliko chumba chochote mjini, kwa sababu alikuwa ameng'oa bati moja la paa akaweka kioo. Chini ya kioo hicho ndipo lilipokaa tangi lake, urefu wa kitanda cha mtoto, vioo vinne vimeshikwa na fremu ya mninga na kuzibwa kwa lami. Pampu ya kupuliza hewa alikuwa ameinunua kwa daktari mmoja mgeni aliyeishi upande wa Ibadakuli, alipokuwa anarudi kwao. Umeme ukikatika tulipuliza kwa pampu ya baiskeli, kwa zamu. Joto likizidi tulivisha tangi magunia mabichi. Ndani yake mlikuwa na matumbawe matano na hakuna samaki hata mmoja, jambo lililowaudhi wageni kuliko yote. Waliinama, wakachungulia, wakauliza, "Samaki wako wapi?" Bi Zuhura akajibu hana haja ya samaki, samaki wako sokoni. "Sasa unafuga nini?" "Nafuga kwetu," alisema, na hapo aligeuza maneno akaulizia watoto wao.

Mimi nami siku ya kwanza nilidhani ni mawe. Alinivutia kigoda akaniambia nikae kimya nitazame. Baada ya muda mfupi nikaona moja lao, la mviringo kama kichwa cha kabichi, likitoa vijikono vya kahawia mamia kwa mamia, kila kimoja na ua dogo nchani, na vyote vikipepea. Niliruka. Bi Zuhura alicheka mpaka akalazimika kutoa tambuu mdomoni. Akanieleza kwamba jiwe ni nyumba tu, wenyewe ni hao vidudu laini wakaao juu, na nyumba wanaijenga wao wenyewe kwa chokaa iliyomo majini. Kwao Pangani watu huchoma matumbawe yaliyokufa wakapata chokaa ya kujengea, na ile iliyo safi kabisa huuziwa walaji wa tambuu. Nilikuwa sijaiona bahari. Nimekulia kwenye mbuga ambako maji ni kitu cha kusubiri, na hapo nikaambiwa kuna maji ambayo ukiyaacha peke yake yanajenga mawe.

Siri ya tangi ilikuwa kaka yake, gadi wa treni ya Mwanza. Kila mwezi alimshushia madumu sita ya maji ya bahari, na Bi Zuhura aliyatoa ya zamani kiasi hicho hicho akatia mapya. Maji yaliyopungua kwa jua alijazia ya mvua, kutoka tangi la bati la uani, kwa sababu maji ya kisima chetu yana magadi yake na chumvi zake. Hivyo ndivyo alivyoishi nayo miaka mitatu, bila elimu nyingine. Kisha kaka yake akahamishiwa reli ya Tanga. Alipita mara ya mwisho, akashusha madumu yake, wakalia kidogo kwenye jukwaa la stesheni, treni ikaondoka. Bi Zuhura alirudi nyumbani akatia madumu matano tangini. La sita alilifunga kwa nta, akalificha chini ya kitanda.

Mwezi wa kwanza hapakuwa na neno. Wa pili, ncha za tumbawe la matawi, zilizokuwa nyeupe na mbichi kama jino la mtoto, zikawa na rangi moja na shina. Kukua kulikuwa kumesimama. La kabichi likawa linachelewa kufunguka asubuhi. Jioni moja tukiwa tunakula matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na chai ya rangi, nikamwambia nilichokuwa nakifikiri kwenye beseni langu. Hawa wanajenga kila siku, nikasema, na hakuna anayeleta mchanga wala saruji. Bandu bandu huisha gogo. Akaacha kutafuna. "Utajuaje?" akauliza. Nikasema nitapima. Sikuwa na bureti, ule mrija wa wapimaji wa kudondoshea, wala tindikali, na sikutaka kumwibia Bwana Nkwabi hata tone. Nilichukua choya kavu, ile nyekundu ya sharubati, nikaichemsha ikatoa rangi yake. Ukiitia kwenye maji ya bahari rangi hugeuka kama ya samli iliyoharibika, kijanikijani. Nikakamua ndimu, nikachuja kwa kitambaa, nikadondosha kwa mrija wa kalamu. Maji ya dumu la chini ya kitanda yalikunywa matone kumi na manane ndipo yakawa mekundu. Maji ya tangi yalikunywa tisa. Nilirudia mara tatu kwa ndimu ile ile. Tisa. Nguvu hiyo ya maji ya kuikabili ndimu ndiyo wenye vitabu wanaiita ualikali. Mimi wakati huo niliiita nguvu tu. Ilikuwa imebaki nusu.

Hapa sasa niseme kosa langu, na nalisema lote, maana nikiwakatalia watu jini siwezi kujipamba mwenyewe. Nilijua nguvu imepungua. Nilijua chokaa imepungua. Magadi yanaongeza nguvu. Kila mwanamke anayepika maharage anajua ladha yake. Chokaa inaongeza chokaa. Nikajiona nina akili kuliko Shinyanga nzima. Jumamosi asubuhi nilisaga magadi ya kupikia nikayakoroga majini, kikombe kizima. Kisha, kabla ya chai, nikachukua chokaa ya kupaka ukuta iliyobaki kwenye ndoo, nikaivuruga ikawa kama uji, nikamimina yote. Bi Zuhura alikuwa amesimama nyuma yangu. Tukaona wingu. Lilianzia pale nilipomimina, likaenea, na kabla sijarudisha ndoo chini tangi lote lilikuwa jeupe, hata mkono wangu ndani yake sikuuona. Magadi na chokaa vilikuwa vimekamatana vyenyewe, vikageuka vumbi la jiwe, vikawa vinaanguka juu ya matumbawe kama unga unaochekechwa. Nilichokitia ili wakitumie hawakupata, na hata kile kidogo kilichokuwamo kiliondoka nacho. Nilipima mchana ule. Matone manne.

Tulivuta maji kwa mpira, tukipokezana kunyonya kwa mdomo, tukapepea vumbi kwa manyoya ya kuku. Tukamimina dumu la sita, tukibakiza chupa moja tu ya kulinganishia. Matatu yalikufa. Tumbawe likifa nyama yake huoza, na harufu ile haisemeki. Ilipita mlangoni, ikavuka barabara, ikawakuta watu msikitini. Nililia siku mbili. Bi Zuhura hakunilaumu kwa neno, alinipikia wali wa nazi, nazi ambayo huku ilikuwa adimu, akaniwekea mbele akasema, "Kula. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga."

Harufu ndiyo iliyomleta Bwana Salumu, mdogo wa marehemu mume wake. Alikuwa na biashara ya ngozi ile ile, na chumba cha mbele alikitaka tangu kaka yake azikwe, ili ahifadhi mzigo wake karibu na stesheni. Alikuja alasiri. Mimi nilikuwa uani nachagua mchele, na dirisha lilikuwa wazi. Nilisikia kila neno.

"Shemeji, mji mzima unasema."

"Mji una midomo, shemeji. Useme."

"Wanasema unapika maiti humu ndani. Na huyo msichana wako wa mawe ndiye kakuletea balaa. Mimi sitaki ugomvi. Nakupa mpaka Idi. Idi ikifika hivyo vitu viko hai, naona kwa macho yangu, basi. Vimekufa, kioo kinatoka, mpangaji anatoka, chumba natia ngozi."

Nilisubiri amjibu. Nilimjua kwa ulimi. Mwanamke aliyewahi kumfukuza karani wa kodi kwa shairi. Lakini nikamsikia akisema kwa sauti ndogo, "Haya, shemeji. Tufike Idi." Mchele ulinimwagika. Sikuwa na pa kwenda. Mshahara wa brashi ulikuwa wa chumba cha uani na si zaidi, na nyumba nyingine mjini hazikumtaka msichana anayeishi peke yake bila mume wala kaka wa kumsemea. Ningerudi kijijini, na nikirudi kijijini nisingeosha tena hata chupa moja ya maabara. Huo ndio uliokuwa uzito wa yale matumbawe mawili kwangu, na sitaki mtu aniambie ulikuwa mchezo.

Kesho yake nilimwendea Bwana Nkwabi, si kwa kuomba kufundishwa. Niliuliza tu swali moja, nikiwa nimeshika brashi. "Shikamoo. Kwa nini kwenye mgodi chokaa haimwagwi yote kwa pamoja?" Aliitikia marahaba. Nadhani swali lilimfurahisha kabla hajakumbuka limetoka kwa nani. Akasema chokaa humtosha yule anayepewa polepole. Ukiitia nyingi inajifunga yenyewe, inakuwa tope chini ya pipa. Na akasema chokaa iliyokaa wazi hewani hurudi kuwa jiwe, haina kazi, hata ukitia gunia. Nikamshukuru. Nikaosha vyombo vya siku ile nikiimba.

Chokaa ya ukutani ilikuwa imekaa ndooni mwaka mzima, mfuniko wazi. Nilitafuta nyingine mjini, kila niliyoipata ilikuwa hivyo hivyo. Kisha mwezi wa Ramadhani ukaandama. Bi Zuhura, mfungaji, hakutia tambuu mdomoni tangu alfajiri hadi magharibi, na kijaluba chake cha tambuu kikawa kinashinda juu ya meza mbele ya macho yangu. Ndani yake majani yalikuwa yananyauka, lakini kwenye kikopo kidogo cha shaba chokaa ilikuwa laini, nyeupe, bado mbichi, kwa sababu mlaji wa tambuu haachi chokaa yake ikauke hata siku moja. Huihifadhi majini, imefunikwa. Nikakinyanyua kile kikopo, nikampelekea chumbani kwake. Alinielewa kabla sijasema. "Hiyo ya Pangani," akasema. "Ninayo chungu kizima. Chukua."

Nilichota kijiko kimoja cha chai nikatia kwenye chupa ya maji ya mvua, nikatikisa, nikaacha itulie mpaka maji yakawa angavu kama hayana kitu. Juu yake hukaa utando mwembamba. Huo hauguswi, wala mashapo ya chini hayaguswi. Ni maji ya katikati tu. Nesi mmoja jirani alinipa mpira wa dripu uliokwisha kazi, wenye kale kagurudumu ka kubana, nikauchemsha. Nikatundika chupa juu ya tangi, nikabana mpaka ikawa tone, unahesabu moja mpaka nne, tone, mahali ambapo mapovu ya pampu yanalitawanya mara linapogusa maji. Kiasi kile kile jua lilichokula jana ndicho tulichorudisha leo, ila sasa kimebeba chokaa. Magadi sikuyarudia. Maji ya chokaa yanaleta vyote viwili, chokaa yenyewe na nguvu, kwa mkono mmoja, kwa kipimo kile kile ambacho vidudu huvitumia. Hilo sikulisoma popote wakati ule. Niliona tu kwamba matone ya ndimu yanapanda na wingu halitokei.

Bi Zuhura ndiye aliyefungua dripu, kila alipoamka kula daku. Ndiyo hayo maziwa ya alfajiri ya yule kijana. Mimi nilipima kila Jumatatu na Ijumaa. Tano. Saba. Nane. Mara moja ikasimama nane, nikashindwa kula futari, uji wa pilipili manga ukanipoa mbele yangu. Iliyofuata kumi na mbili. Majirani waliokuja kufuturu walinikuta nimeinama na kikombe cha choya na kipande cha ndimu, wakaguna. Mmoja aliniambia waziwazi kwamba msichana akicheza na chokaa na ndimu hatazaa. Nina watoto watano. Siku ya ishirini na saba ya mfungo ilifika kumi na saba, na kwenye matawi, nchani, kulikuwa na weupe mdogo, mpya, upana wa ukucha wa mtoto mchanga. Nilimwita Bi Zuhura aje aone. Alitazama, kisha akanifunika kichwa kwa upande wa khanga yake, akanishikilia hivyo.

Bwana Salumu alikuja asubuhi ya Idi baada ya swala, kanzu mpya, na nyuma yake vijana wawili na mkokoteni. Mkokoteni ndio ulionikera. Alikuwa amekuja na jibu lake. Alisalimu, akaingia chumba cha mbele, akainama kwenye kioo. La kabichi lilikuwa limefunguka lote, jua limeingia kupitia paani, vijikono vinapepea. Akatazama, akainuka, akasema, "Haya ni maua. Mmetia maua juu ya mawe mkadhani mimi mtoto." Nikafungua mdomo, Bi Zuhura akanikanyaga mguu. "Gusa, shemeji," akasema. "Idi njema. Gusa."

Akakunja mkono wa kanzu hadi kwenye kiwiko, akaingiza kidole. Alipoligusa tu, vijikono vyote, mamia yale, vikazama ndani kwa mara moja, likabaki jiwe tupu. Bwana Salumu alichomoa mkono kwa nguvu, maji yakamrukia kifuani, kanzu yote. Vijana wa mkokoteni walikuwa wameshatoka nje.

"Jiwe gani hilo linakukimbia?" Bi Zuhura aliuliza.

Bwana Salumu alisimama akitazama kidole chake. Kisha akasema basi, yameisha, ila mwakani tutaona. Na hapo ndipo nikamsikia Bi Zuhura niliyemjua. "Mwakani hutaona kitu. Nyumba hii mume wangu aliniandikia mimi, mbele ya kadhi, karatasi iko sandukuni. Chumba changu, kioo changu, mpangaji wangu. Pilau iko uani. Ukitaka kula, karibu, ukitaka kwenda, Mungu akusahilishie." Akaenda zake, lakini kwanza alikula.

Mimi nilibaki nimesimama pale. Niliuliza kama karatasi hiyo ilikuwako tangu zamani. Akasema tangu zamani. Nikauliza, basi yangekufa ingekuwaje. "Yangekufa, ningelia, nikatafuta mengine. Ulidhani nitakutoa wewe kwa ajili ya Salumu?" Nikamwambia nilikuwa silali. Nikamwambia nilikwisha kufunga begi mara mbili. Hasira zilinipanda, siku ya Idi, mbele ya mtu aliyenilisha. "Kwa nini hukuniambia?"

Alikuwa ameshachukua kijaluba chake, mfungo umekwisha, anapaka chokaa kwenye jani kwa kidole cha shahada, polepole, akiwa na raha zake zote.

"Ningekuambia," alisema, "ungehesabu matone?"

Nilichukua sahani yangu nikaenda kula upande wa pili wa ua, nikamnunia mpaka alasiri.